Afande Katutoka: Jenerali Musuguri, Lukaya, na Ami Yangu

Jumanne ile ya tarehe 29 Oktoba 2024 nlikuwa Wete kwa ami yangu, nimekwenda kumtazama tu maana mguu ulikuwa unamsumbua na mtu mzima kama yule ukimwacha wiki mbili hujamuona roho haitulii. Tumekaa barazani, kahawa iko, kashata ziko, yeye anasikiliza redio na mimi nachezea simu kama kawaida yetu vijana. Mara ikaingia meseji kwenye group la ukoo, mtu kaforwadi tangazo, Mkuu wa Majeshi mstaafu Jenerali David Musuguri amefariki dunia Mwanza akiwa na miaka 104.

Nikamsomea. Nlidhani atasema innalillahi kisha aendelee na redio yake. Ami akaizima redio. Akashika ile nguzo ya baraza akasimama, na ule mguu wake, akasimama wima kabisa mikono imelala mapajani, hakusema kitu. Nkahesabu pumzi zangu mwenyewe. Kisha akakaa na akasema maneno mawili tu, "Afande katutoka."

Mimi nimeishi na ami yangu huyu maisha yangu yote. Ndie alonifundisha kuogelea pale bandarini, ndie aloniozesha. Tulikuwa tunajua alipigana vita vya Kagera kwa sababu ana cheti na medali kwenye sanduku la nguo, lakini vita vyenyewe hakuvisema hata siku moja. Ukimuuliza atakujibu, "Tulikwenda, tukarudi." Ila siku ile aliongea mpaka magharibi, na kesho yake akaongea tena, na kila alichoongea kilikuwa kinazunguka kwa huyu Musuguri, mzee wa Butiama, ambae yeye binafsi hajawahi kusalimiana nae. Nikaanza na mimi kutafuta, nikasoma, nikauliza, na hii ndio nnayoiandika leo, imechelewa lakini bora imekuja.

Tuanze na hilo neno, afande. Sote tunalitumia, polisi akikusimamisha barabarani unamwita afande, lakini asili yake ni efendi, neno la Kituruki, na kwenye jeshi la Mwingereza la King's African Rifles (wazee wetu wakiliita KAR, keiyaa) lilikuwa ni cheo. Miaka ya hamsini Waingereza waliona hawawezi tena kuwaweka askari weusi kwenye usajenti mpaka wafe, na hawako tayari kuwapa uofisa sawasawa na wazungu, basi wakatengeneza ngazi ya katikati wakaiita efendi. Juu ya sajenti meja, chini ya kijana wa kizungu aliyetoka skuli jana. Musuguri aliufikia uefendi mwaka 1957, na hapo alikuwa ana miaka 15 jeshini. Kwa hiyo ami anaposema afande hasemi kama tunavosema siye, anataja ngazi ambayo yule mzee aliipanda kwa magoti.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1920 Butiama, Mzanaki, kijiji kimoja na Nyerere ambae yeye alizaliwa 1922. Hebu fikiria hilo, kijiji kimoja kidogo kule Mara, mmoja anakwenda skuli Tabora, Makerere mpaka Edinburgh, mwengine anakwenda jeshini, na miaka thelathini na kitu baadae wanakuja kukutana kwenye vita moja, mmoja ni Amiri Jeshi Mkuu na mwengine ndie anaeongoza divisheni iliyo mbele. Aliingia KAR mwaka 1942 na vita yake ya mwanzo haikuwa bara, ilikuwa baharini kwetu huku, Bukini, yani Madagaska. Wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wafaransa walioegemea serikali ya Vichy, ile iliyopatana na Mjerumani, Waingereza wakaogopa Mjapani asije akaweka nyambizi zake pale akaifunga bahari ya Hindi yote, wakashuka Diego Suarez mwezi wa Mei 1942, kisha wakaleta askari wa KAR kuja kumalizia kisiwa, na Wafaransa wakasalimu amri mwezi wa Novemba. Kwa hiyo kijana wa bara huko, wa kando ya ziwa Nyanza, alikwenda kupigana kwenye kisiwa ambacho wazee wetu walikuwa wakienda kwa majahazi.

Baada ya vita ile hakuacha jeshi. Mwaka 1947 alikuwa sajenti, mwalimu wa askari kwenye kambi ya Kahawa kule Kenya. Na pale Kahawa ndipo alipokutana na askari mmoja wa kutoka Uganda, jitu refu, aliyeingia jeshini mwaka 1946 kupitia jikoni kama msaidizi wa mpishi, jina lake Idi Amin. Amin nae alikuja kuwa efendi, mwaka 1959, miaka miwili nyuma ya Musuguri. Mimi nliposoma hilo niliweka simu chini. Yani hawa watu wawili walikula posho ya Mwingereza mmoja, walipiga kwata kwenye vumbi moja, walipanda ngazi ile ile kipandio kwa kipandio, na mmoja akaja akajivika umaarshali na cheo cha rais wa maisha, na mwengine akaja na divisheni kumtoa.

Watu wanaposimulia majenerali wanapenda kuanzia chuo cha kijeshi, kafanya kozi Sandhurst, kafanya kozi wapi. Musuguri alianza chini kabisa, kuruti, bunduki begani, viatu anapewa. Ami anasema hilo askari wanalijua bila kuambiwa. "Mkubwa aliyewahi kulala njaa na mkubwa ambae hajawahi, amri zao hazifanani, mwanangu. Maneno ni yale yale lakini hazifanani."

Mwaka 1964 siye huku tunaujua kwa Januari 12. Ila mwezi ule ule bara nako kulichafuka, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito Dar es Salaam tarehe 20, kesho yake ikafika Tabora, na Musuguri alikuwepo pale Tabora akiwa luteni. Waliwafukuza maofisa wa kizungu. Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza wale wale waje kuzima maasi, aibu kubwa kwa nchi changa, na jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, Muungano ukiwa na miezi minne tu, na humo ndimo walimoingia na watoto wa visiwani. Mkuu wa kwanza akawa Sarakikya, kisha Twalipo kuanzia 1974, na Musuguri akaendelea kupanda taratibu bila kelele, mpaka mwaka 1978 akawa meja jenerali.

Ami aliingia jeshi 1976. Ana miaka 20, karafuu za mwaka ule zilikuwa mbaya (hivo ndivo anavosema yeye), baba yake akamwambia nenda. Akavuka bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baridi ya bara ilimtesa kuliko kwata, na samaki wa maji baridi hakumpenda mpaka leo anasema hana ladha, samaki gani hana chumvi.

Sasa vita. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka yakaingia Kagera, na siku chache baadae Amin akatangaza kwamba eneo lote lile kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Tarehe 3 Novemba wakalipiga daraja la Kyaka wakaliangusha. Watu waliuliwa, ng'ombe walichukuliwa maelfu, majumba yalichomwa, wanawake walifanyiwa mambo ambayo ami hakuyataja kwa jina, alisema tu "uchafu". Nyerere alitangaza redioni tarehe 2 Novemba, ile hotuba ambayo mpaka leo wazee wanaweza kukusomea kwa sauti yake, ya uwezo na sababu na nia. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba pale mtaani Wete watu walijaa kwenye redio ya mwenye duka mpaka nje barabarani, na yeye alisimama na mtoto mgongoni, na liliposemwa lile neno kumpiga akakaa chini, kwa sababu alijua mwanawe wa pili yuko huko huko.

JWTZ lilikuwa jeshi la saizi ya kawaida tu. Ndani ya miezi michache likavimba mpaka zaidi ya watu laki moja na nusu ukihesabu na mgambo, watu waliotoka mashambani, makarani, vijana wa vijijini, wamefundishwa haraka haraka. Mabasi na malori ya watu yakachukuliwa kubeba askari. Ami yeye alikuwa askari kamili lakini kikosi alichowekwa kilikuwa kimejaa mgambo na anasema kuna waliokuwa hawajawahi kusikia mzinga ukilia isipokuwa ule wa iftari.

Mwezi wa Januari 1979, usiku wa kuamkia tarehe 22, wakavuka mpaka wakaichukua Mutukula, mji wa mpakani. Na hapa pana jambo nataka niliseme kwa sababu nikiliruka nitakuwa namdanganya msomaji. Pale Mutukula askari wetu walilipiza. Nyumba zilisawazishwa kwa matingatinga na watu wasiokuwa na silaha waliuliwa, wengine wazee waliokuwa hawana nguvu ya kukimbia. Nyerere alipopata habari alistuka sana na akaamrisha raia wasiguswe na mali zao zisiguswe. Nilimuuliza ami kama aliona. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Tulikuwa tumetoka kuona Kagera." Sikumuuliza tena. Sio kwamba ni jibu la kuhalalisha, yeye mwenyewe hakulisema kwa kuhalalisha, alilisema kama mtu anaeonesha kovu.

Kipindi hicho ndipo Musuguri alipokabidhiwa Divisheni ya 20, yani nguvu yote ile iliyokuwa inaingia Uganda, mabrigedi 201, 205, 206, 207, 208. Miaka 59 anayo, umri ambao maofisa wengi wameshastaafu wanafuga kuku. Kamanda Mayunga na brigedi yake ya 206 wakaelekea magharibi, Mbarara, na yeye na waliobaki wakashika njia ya Masaka. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari na Mbarara siku ya pili yake, na miji yote miwili iliumizwa vibaya, hilo nalo liwekwe.

Kutoka Masaka kwenda Kampala unapita Lukaya. Kamji kadogo tu. Ila mbele ya Lukaya barabara inaingia kwenye kinamasi, maji na matete kushoto na kulia, na njia ni moja tu, imeinuliwa juu ya maji, ndefu, kifaru kikitoka barabarani kimezama. Mtu yeyote alowahi kupita kwa gari kwenye tuta la mikoko wakati wa bamvua anajua hisia ile, unaomba gari lisizimike. Sasa wewe fikiria hapo unapita na jeshi. Musuguri alitaka njia ile ishikwe kabla adui hajaivunja, kwa hiyo brigedi ya 201 ikatangulizwa Lukaya, na ya 208 ikapelekwa mbali upande wa kaskazini magharibi ili ije ikate barabara ya Kampala kwa nyuma.

Ami alikuwa 201.

Wakati huo Gaddafi wa Libya keshaleta watu wake kumsaidia Amin. Vifaru vya T-55 kumi na tano, magari ya deraya, na zile roketi za Katyusha ambazo zinatoka kumi, ishirini, arubaini kwa pamoja. Siye tulikuwa nazo pia, Waganda wakaziita saba saba na wakawa wanaziogopa kama radi. Lakini kuzisikia zikiondoka kwako na kuzisikia zikija kwako ni vitu viwili. Tarehe 10 Machi, jioni, brigedi ya 201 imeshaingia Lukaya, Walibya na askari wa Amin wakawashambulia, wakarusha zile roketi.

Hapa ami alishusha sauti mpaka nikawa nasogea. Nitaandika kama alivosema.

"Zile roketi nyingi hazikutupiga. Zilipita juu yetu. Nnakwambia zilipita juu, zikaanguka nyuma huko. Lakini mlio ule, mwanangu, mlio ule kama mbingu inachanwa kitambaa. Mgambo walokuwa mbele yetu wakasimama wakakimbia. Siye tukawaona wanakimbia. Na mimi nkakimbia."

Akanyamaza.

"Nlikimbia. Bunduki ninayo, risasi ninazo, sijajeruhiwa. Nkakimbia mpaka matete yakanikata uso."

Miaka arubaini na tano mtu amekaa na neno hilo. Mkewe hajalijua, alikufa hajalijua. Watoto wake wamekua wakijisifu skuli baba yetu kapigana Uganda na yeye akiwasikia ananyamaza, na siye tulikuwa tunadhani ananyamaza kwa unyenyekevu. Ile "tulikwenda, tukarudi" yake sasa naisikia vyengine kabisa.

Nliporudi Unguja nlitafuta kuhusu usiku ule na nikakuta kila alichosema kiko sawa. 201 ilivunjika kweli. Roketi kweli zilipita juu. Walibya walikuwa wanaweza kusonga mbele wakairudisha Masaka, hakukuwa na kitu cha maana cha kuwazuia, na wao wakasimama pale pale Lukaya. Wakalala juu ya ushindi wao. Na upande wa pili jenerali wa miaka 59 divisheni yake imepasuka mbele, giza limeingia, hana uhakika nani yuko wapi.

Alichofanya Musuguri ni kusogea mbele. Alikihamisha kituo chake akaja karibu zaidi na mapigano ili ajue kinachoendelea na alishike jeshi lake. Kisha akaiagiza 208 igeuke ije haraka ikae ubavuni mwa adui, usiku, kwa miguu. Na wale wa 201 waliotawanyika wakakusanywa, wakapangwa upya.

Hili la mwisho kwenye maandishi utalikuta limepita kwa nusu sentensi, "brigedi ilijipanga upya", basi. Ami alinichukulia saa nzima. Anasema walikuwa wamekaa chini ya miti wawili wawili, watatu watatu, hamtazami mtu mwenzake usoni, na kila mmoja anangoja ajue atafanywa nini. Kila askari anajua kukimbia mbele ya adui adhabu yake ni nini, wamefundishwa tangu ukuruti. Wakaja maofisa usiku ule wakawa wanawaita kwa kikosi, kombania fulani hapa, kombania fulani hapa. Wakagaiwa maji. Wakahesabiwa. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyepigwa risasi mbele ya wenzake. Ikasemwa tu Mkubwa yuko hapa karibu, asubuhi tunarudi.

"Mkubwa yuko hapa karibu," ami akairudia kama mara tatu. "Sikumuona. Sikujua amekaa wapi. Lakini siye tumekimbia kwenda nyuma na yeye ametoka nyuma amekuja mbele, tumepishana nae kiza kiza. Sasa wewe utakwenda wapi tena?"

Nimejaribu kutafuta maneno mazuri kuliko hayo ya kueleza kazi ya jenerali na sijayapata. Ramani wanasoma wengi na mipango wanapanga wengi. Musuguri alikuwa amekaa jeshini miaka 37 na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia akiwa baina ya askari wa chini na wakubwa, sajenti, mwalimu, efendi, mtu wa katikati. Mimi naamini, na hii ni rai yangu mwenyewe, kwamba usiku ule alijua kitu ambacho ofisa wa darasani asingekijua, kwamba mtu aliyekimbia mara moja bado ni askari, ila ana saa chache tu, ukimchelewesha mpaka jua lipande vizuri umeshampoteza kabisa.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi 208 wakawa wameshafika pale walipotakiwa. 201 wakarudi kwa mbele na 208 wakapiga kwa ubavuni. Walibya hawakutegemea. Walivunjika wao sasa. Waliokufa upande wa Amin ni takriban 400 na zaidi ya 200 kati yao ni Walibya, vijana wa jangwani ambao wengi hata hawakuwa askari kamili, wamekuja kufa kwenye matete ya nchi ambayo hawaijui. Upande wetu wanakisiwa wanane. Vita vile vya Lukaya ndio vikubwa kuliko vyote vya vita vya Uganda, na baada ya pale jeshi la Amin halikusimama tena sawasawa.

Ami alirudi na wenzake asubuhi ile. Hicho ndicho kipande cha pili cha hadithi yake na alikisema haraka haraka kuliko cha kukimbia, eti ndio nlirudi, tukapiga, ikaisha. Nikamwambia ami, mbona hili hulisemi. Akasema kurudi nlirudishwa, kukimbia nlikimbia mwenyewe.

Mengine yanajulikana na sitayarefusha. Entebbe ikachukuliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 10 na 11, njia ya mashariki ikaachwa wazi makusudi ili Walibya watoke waende zao, jambo la busara sana kwa maoni yangu maana njia ile ingezibwa wangepigana mpaka wa mwisho na mji ungekwisha. Amin akakimbia. Vita vikafungwa rasmi mwanzoni mwa Juni kule mpaka wa Sudan.

Kisha ikaja bili. Vita ilikula kama dola milioni 500 na nchi haikuwa nazo. Nyerere akawaambia watu wafunge mikanda miezi 18, na kila mtu mzima wa huku atakwambia ile miezi 18 ilivokuwa na miaka mingapi ndani yake. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga moja inavaliwa na madada wawili kwa zamu. Ami alirudi Pemba kwa likizo ya mwanzo na begi lina viatu vya jeshi na kipande cha sabuni, na bibi yangu alilia kwa ile sabuni.

Musuguri akapandishwa luteni jenerali na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi kumrithi Twalipo, akakaa mpaka 1988 akampisha Kiaro. Askari wengi walirudishwa majumbani baada ya vita na jeshi likabidi lipunguzwe, na kumrudisha mgambo shamba akakae kimya baada ya kumpa bunduki na ushindi sio kazi ndogo, tazama nchi ngapi za Afrika zimeshindwa pale pale. Akastaafu akarudi Butiama. Akaishi huko miaka thelathini na sita mingine, umri wa mtu mzima mwenye watoto skuli.

Ami alimuona mara moja tu, kwa mbali, gwaride moja mapema miaka ya themanini. Nilimuuliza akoje, akasema mtu wa kawaida. Kamwili ka kawaida. Nlitegemea atanambia jitu.

Kitu kinachonikera, na nakisema kwa uchungu kabisa, ni kwamba nimesoma skuli hapa visiwani darasa la kwanza mpaka fomu sita na sijawahi kusikia jina la Lukaya darasani. Nnamjua Napoleon alikufa kisiwa gani. Vita ambavyo ami yangu alikatwa uso na matete yake nimekuja kuvijua nikiwa na watoto wawili, tena kwa sababu ya meseji ya kuforwadiwa. Na walokuwepo wanaondoka. Musuguri kaondoka siku moja kabla ya kutimia miaka 46 tangu Amin avuke mpaka, tarehe 29 na yeye aliingia tarehe 30. Ami ndie alonionesha hilo, mimi sikuwa nimeliona.

Kama una mzee wako alokwenda, wa Unguja au Pemba au wapi, kaa nae sasa hivi. Usimuulize alishinda vipi. Muulize usiku alikuwa wapi.

Makala hii nimemsomea ami kabla sijaipandisha, kwa sababu ni siri yake na nlitaka ruhusa. Nlimsomea kwa simu, yeye Wete mimi huku Mwanakwerekwe, na kuna mahali nlisita, pale pa kukimbia, akanambia soma. Nkasoma mpaka mwisho. Kimya. Nkadhani simu imekatika.

"Wale wanane umewaweka?"

Nkamwambia nimewaweka ami.

"Mmoja nlikuwa nakula nae sahani moja. Yeye hakukimbia." Kisha akasema adhana inaadhiniwa, akakata.